KALAUSI NA BURU: Nyota ya Kenya na sayari ambayo hakuna aliyewahi kuiona

Na MWANDISHI WETU

Stima zilipopotea mtaani kwetu jioni moja ya mwezi wa Aprili, watoto wote wa ploti walipanda juu kabisa ya jengo, pale penye kamba za kuanikia nguo. Si kawaida kuziona nyota vizuri jijini Nairobi. Taa za barabarani na za madukani huzifunika kana kwamba zimetupiwa blanketi. Lakini usiku huo giza lilikuwa la kijijini hasa, na binti yangu, ambaye ana umri wa miaka 12, akaniuliza swali la ghafla: "Baba, Kenya ina nyota yake?"

Nilimwambia kwamba inayo. Inaitwa Kalausi, na ina sayari kubwa inayoizunguka ambayo jina lake ni Buru. Mara moja akataka nimwonyeshe. Nilimwelekezea kidole upande wa kusini, kisha ikanibidi kukiri kwamba nyota hiyo haionekani kwa macho matupu, na kwamba sayari yenyewe hakuna binadamu aliyewahi kuitia machoni, hata kwa darubini kubwa.

"Sasa kama hakuna aliyeiona," akasema, "wanajuaje iko?"

Nilibabaika. Wenzake walikuwa wamenikodolea macho wakingoja jibu, nami nikajisingizia kwamba naenda kutafuta mshumaa. Msomaji, makala haya ndiyo jibu ambalo ningempa usiku ule kama ningalikuwa nimejiandaa.

Kimbunga na vumbi

Tuanze na jina, kwani lina utamu wake. Mwaka wa 2019 shirika la kimataifa la elimu ya nyota, lile linalojulikana kwa kifupi kama IAU, lilikuwa linaadhimisha miaka 100 tangu kuundwa kwake. Katika kusherehekea, liligawia kila nchi iliyotaka nyota moja yenye sayari, ili wananchi wake wazipe majina. Sharti mojawapo lilikuwa kwamba nyota hiyo iweze kuonekana kutoka nchi hiyo kwa darubini ndogo. Watu zaidi ya 780,000 kote ulimwenguni walishiriki, na mnamo Desemba 17, 2019 majina ya nchi zaidi ya 100 yakatangazwa.

Kenya ilipewa nyota ambayo hadi wakati huo ilijulikana kwa nambari tu: HD 83443. Herufi hizo mbili zinatokana na Henry Draper, Mmarekani ambaye jina lake lilipewa orodha kubwa ya nyota iliyotayarishwa katika Chuo Kikuu cha Harvard na kuchapishwa kati ya 1918 na 1924. Aliyeketi akazichambua nyota hizo moja baada ya nyingine na kuzipanga kwa aina zake ni mwanamke, Annie Jump Cannon, ambaye masikio yake yalikuwa karibu hayasikii kabisa. Nyota yetu ilikuwa ya 83,443 katika orodha hiyo, na kwa miongo mingi hakuna aliyekuwa na sababu ya kuiangalia mara mbili.

Majina yaliyochaguliwa yalitoka katika lugha ya Kijaluo. Jirani yetu mmoja, mama aliyekulia katika uwanda wa Kano, hakuhitaji kuelezwa. Kalausi, alisema, ni ule upepo wa kisulisuli unaoinuka ghafla wakati wa kiangazi, ukajisokota kama mnara, ukabeba majani makavu, makaratasi na hata nguo zilizoanikwa. Na buru ni vumbi, lile lile linalozungushwa na upepo huo. Nyota ndiyo kisulisuli, sayari ndiyo vumbi linalozungushwa. Sijui kama waliopendekeza walilifikiria hili, lakini wanasayansi wanaamini kwamba sayari zote, ikiwemo hii yetu tunayoikanyaga, zilitokana na gesi na vumbi lililokuwa likizunguka nyota changa. Jina hilo basi lina ukweli ndani yake.

Hii si mara ya kwanza kwa jina la huku kwetu kufika angani. Mnamo Desemba 12, 1970, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, na kwa kuwa ilikuwa Sikukuu ya Jamhuri ikaitwa Uhuru. Mnamo 2023 Kenya ilipata jozi nyingine ya majina, safari hii ya Kimaasai: nyota Orkaria na sayari yake Enaiposha. Majirani zetu wa Tanzania nao wana nyota iitwayo Mpingo, na sayari yake ni Tanzanite.

Tahadhari kidogo kabla hatujaendelea. Ziko biashara nyingi zinazouza vyeti eti umenunua nyota ikaitwa jina la mpenzi wako au mtoto wako. Cheti ni kizuri kuning'iniza ukutani, lakini wanafalaki hawayatambui majina hayo. (Nasema wanafalaki, yaani wataalamu wa elimu ya nyota, wala si wanajimu wa kupiga ramli.)

Mwaka wa siku tatu

Kalausi ni nyota inayofanana sana na jua letu, ila ina joto pungufu kidogo na rangi yake inaelekea machungwa. Iko umbali wa takriban miaka 134 ya nuru. Mwaka wa nuru si kipimo cha wakati bali cha umbali: ni mwendo ambao nuru husafiri kwa mwaka mzima, karibu kilomita trilioni 9.5. Kwa hivyo nuru ya Kalausi inayotufikia usiku wa leo iliondoka huko kabla reli ya kutoka Mombasa haijaanza kujengwa mwaka wa 1896. Reli ikajengwa, ikazeeka, ikajengwa nyingine kando yake, na nuru ilikuwa bado njiani.

Buru nayo ni jitu. Uzito wake ni angalau mara 125 hivi ya dunia yetu, na inaaminika kuwa ya gesi kama Mshtarii, ile sayari ambayo watoto shuleni huiita Jupita. Hapo hakuna ajabu kubwa. Ajabu ni mahali ilipo. Dunia iko kilomita milioni 150 kutoka kwa jua. Zebaki, sayari iliyo karibu zaidi na jua, iko kilomita milioni 58. Buru iko kilomita milioni 6 tu kutoka kwa nyota yake! Ni kama mtu aliyekosa nafasi sebuleni akaamua kuketi jikoni juu ya jiko lenyewe.

Kwa ajili hiyo inakimbia mno, karibu kilomita 150 kila sekunde, na kuizunguka nyota yake kwa siku tatu kasoro dakika 20 hivi. Huo ndio mwaka wake. Binti yangu wa miaka 12 angekuwa na umri wa miaka zaidi ya 1,460 ya huko. Na kwa sisi wazazi, mwaka wenye mihula mitatu ungemaanisha muhula mmoja kila siku, na karo kila asubuhi.

Joto lake, kwa hesabu za umbali huo, ni karibu nyuzi 1,000 za Selsiasi. Sufuria zetu za alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Isitoshe, sayari iliyo karibu hivyo na nyota yake hutarajiwa kuielekezea uso mmoja daima, vile mwezi wetu unavyotuonyesha uso ule ule. Upande mmoja basi ni mchana usiokwisha, na mwingine ni usiku usiokucha. Kama ungeweza kusimama huko (huwezi, hakuna ardhi ya kukanyaga), ungeiona Kalausi ikiwa na upana wa karibu mara 25 ya jua unavyoliona kutoka hapa.

Baba anayemzungusha mtoto

Sasa turudi kwa swali la juu ya jengo. Sayari haina mwanga wake yenyewe. Huangazwa tu na nyota yake, na mng'ao wa nyota huimeza kabisa. Je, hujulikanaje?

Hebu fikiria baba anayemshika mtoto wake mikono yote miwili uani na kumzungusha hewani. Mtoto anachora duara kubwa. Lakini mwangalie baba pia: hasimami wima kama mlingoti. Anajivuta nyuma ili asianguke, na miguu yake nayo inachora duara dogo chini. Mtoto akiwa mzito zaidi, duara la baba linakuwa kubwa zaidi. Sasa mfikirie baba huyo gizani, akiwa na taa kichwani, na mtoto amevaa nguo nyeusi. Ukiwa mbali utaona taa tu. Lakini ukiona taa hiyo inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi, kwa kipimo kile kile kila mara, utasema bila kusita: mtu huyu kuna kitu anachokizungusha.

Ndivyo ilivyo kwa nyota na sayari. Nyota huivuta sayari, na sayari nayo huivuta nyota. Kalausi inapovutwa na Buru husogea upande wetu kwa siku moja na nusu hivi, halafu ikarudi nyuma kwa muda kama huo. Kasi ya kusogea huko ni takriban mita 57 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Kwa gari hiyo ni kasi ya kutisha, lakini kwa nyota iliyo mbali namna ile ni mtikisiko mdogo ajabu.

Kuupima, wanasayansi hutumia jambo ambalo kila anayesimama kando ya barabara kuu analijua. Gari la kubeba wagonjwa linapokuja likipiga king'ora, sauti yake ni nyembamba. Likishakupita, sauti hugeuka nzito. King'ora ni kile kile, kilichobadilika ni mwendo wake kwako. Nuru nayo ina tabia hiyo. Ukiichambua nuru ya nyota kuwa rangi kama za upinde wa mvua, utaona ndani yake vistari vingi vyeusi vyembamba. Nyota ikija kwetu, vistari hivyo husogea kidogo upande wa samawati. Ikienda zake, husogea upande wa nyekundu. Kwa Kalausi, kusogea huko ni kama sehemu mbili katika kila sehemu milioni kumi.

Waliofanya kazi hiyo ni kundi la wanasayansi wa Geneva, Uswisi, chini ya Profesa Michel Mayor. Jina hilo lina historia. Mnamo Oktoba 1995 Mayor na mwanafunzi wake Didier Queloz walitangaza sayari inayozunguka nyota 51 Pegasi kwa siku nne na kidogo, ya kwanza kugunduliwa ikizunguka nyota iliyo kama jua. Wengi walitikisa kichwa. Vitabu vyote vilikuwa vikifundisha kwamba majitu ya gesi hukaa mbali na nyota zake kwenye baridi, kama Mshtarii ambayo huchukua karibu miaka 12 kulizunguka jua. Wanasayansi wengine walikuwa wakitafuta vitu vya mizunguko ya miaka mingi, na ni wachache waliokuwa wamefikiria kutafuta vya siku. Leo sayari zinazojulikana nje ya jua letu ni zaidi ya 5,000, na wengi wanaamini kwamba majitu haya ya moto huzaliwa mbali na nyota zao kisha yakahama kuelekea ndani.

Kwa nyota za kusini, kundi la Geneva lilijenga darubini ndogo kwenye mlima wa La Silla nchini Chile. Kioo chake kina upana wa mita 1.2 tu, ambao ni kimo cha mtoto wa shule ya msingi. Kifaa cha kuchambulia nuru kilichofungwa hapo kinaitwa CORALIE, nacho kinaweza kutambua mwendo wa nyota wa mita chache kwa sekunde, kama wa mkimbiaji wetu wa mbio za nyika. Mnamo Mei 2000 sayari ya HD 83443 ikatangazwa pamoja na nyingine kadhaa. Hiyo ndiyo Buru.

Ndugu aliyetoweka

Hapa ndipo hadithi inapokuwa nzito, na ndipo nilipogundua kwamba swali la mtoto halikuwa la kitoto.

Baadaye mwaka huo huo wa 2000, kundi la Geneva lilitangaza jambo la kufurahisha zaidi. Ndani ya vipimo vya nyota hiyo walikuwa wameona mtikisiko wa pili, mdogo zaidi, unaojirudia kila baada ya siku 30 hivi. Maana yake ilikuwa kwamba Buru ina ndugu: sayari ya pili, yenye uzito wa karibu nusu ya Zohali. Tena ilipendeza kwa hesabu, kwani mzunguko mmoja wa ndugu huyo ulikuwa karibu sawa kabisa na mizunguko kumi ya Buru. Ndugu huyo akaingia katika orodha za sayari, akapewa herufi yake, na wataalamu wengine wakaanza kueleza jinsi familia kama hiyo inavyoweza kuishi pamoja bila kugongana.

Lakini lilikuwako kundi jingine, la Marekani na Australia, likiongozwa katika kazi hii na Paul Butler. Hawa walikuwa washindani wa Mayor hasa, wakifukuzia sayari zile zile. Wakaielekeza darubini kubwa ya Keck huko Hawaii na nyingine iliyoko Australia kwenye nyota hiyo hiyo. Mtikisiko wa siku tatu waliuona waziwazi, vile vile kama ulivyoripotiwa. Ule wa siku 30 hawakuuona kabisa. Mnamo 2002 wakachapisha matokeo yao: sayari ni moja.

Hebu jiweke katika nafasi ya Mayor. Umeshatangaza mbele ya wenzako. Magazeti yameandika. Anayekupinga ni mshindani wako, na ana darubini kubwa kuliko yako. Wako wanaume wengi nijuao ambao wangezima simu, na wanasiasa wangeita mkutano wa waandishi wa habari kukanusha. Yeye na kundi lake waliendelea kupima. Vipimo vilipoongezeka, ule mtikisiko wa pili haukuonekana tena, na mnamo 2004 kundi hilo hilo lililomtangaza ndugu wa Buru likaandika kwamba halina ushahidi wake. Akafutwa.

Kwa hivyo, binti yangu, wanajuaje iko? Wanajua kwa sababu watu wasiopendelea kukubaliana walipima kwa vifaa tofauti, katika mabara tofauti, na Buru ikawa pale pale kila walipotazama, ikirudi kila baada ya siku tatu kasoro dakika 20. Ndugu yake alipitishwa kwenye chujio hilo hilo akakwama. Kama wangekuwa watu wa kusema tu, wote wawili wangekuwako mpaka leo.

Hata hivyo yako mambo ambayo njia hii ya mtikisiko haiwezi kutoa. Ndiyo maana niliandika hapo juu "angalau" mara 125. Hatujui mzunguko wa Buru umeinama kiasi gani ukitazamwa kutoka hapa, na ukiwa umeinama sana basi sayari ni nzito kuliko hesabu inavyoonyesha. Neno hilo dogo, angalau, wanasayansi hawalisahau kamwe.

Mwaka wa 2019 ulikuwa wa pekee kwa habari hii yote. Mwezi wa Oktoba, Mayor na Queloz walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia, wakigawana na James Peebles, kwa ile sayari ya 1995. Miezi miwili baadaye sayari nyingine ya Mayor, iliyokuwa nambari tu, ikapata jina kutoka ufuo wa ziwa letu.

Pa kutazama

Kwa wale watakaotaka kujaribu, mwanzoni mwa Aprili ndio wakati mzuri, mnamo saa tatu usiku, mahali penye giza. Tazama kusini. Upande wa kulia utaiona nyota moja ing'aayo sana. Hiyo ni Suheli, ambayo manahodha wa pwani waliijua tangu zama za majahazi. Upande wa kushoto, karibu kimo kile kile, ni Msalaba wa Kusini. Kalausi iko kati yake, juu zaidi, karibu nusu ya safari kutoka upeo wa macho hadi utosini, katika kundi la nyota liitwalo Vela, maana yake matanga ya chombo. Utahitaji darubini ya mkono ya macho mawili, ramani nzuri ya nyota, na subira, kwa sababu ni nukta hafifu miongoni mwa nukta nyingi.

Sisi usiku ule hatukuwa na darubini wala ramani. Nilipopanda tena na mshumaa wangu, nilimkuta binti yangu bado anatazama kusini na wenzake wakibishana ni ipi. Nilikuwa ndio naanza kumweleza habari ya baba na mtoto wakati stima ziliporudi. Mtaa mzima ulipiga kelele za furaha kama kawaida, redio zikalia, taa zikawaka kutoka madirisha yote, na anga ikafutika. Watoto wakateremka mbio kwenda kutazama televisheni. Yeye akabaki kidogo, akiwa ameziba mwanga kwa viganja vyake viwili kando ya macho.